Kihisi Kilichonyamaza Usiku

Wasomaji wa gazeti letu, wengi wenu mmezoea kusoma katika kurasa hizi habari za michezo, za safari, na za wenzetu waliotutangulia. Mimi leo nataka kuwaeleza habari ya kitu kidogo kuliko kiberiti, ambacho kilikaribia kumtoa kazini mzee mwenye wajukuu. Siielezi habari hii kwa kujisifu, maana mwenye kosa katika habari yenyewe ni mimi.

Mjomba wangu hukaa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Kazi yake ni kununua mahindi na maharage kwa wakulima na kuyauza tena. Nyuma ya nyumba yake kuna ua mpana. Katikati ya ua limejengwa jiko la matofali, peke yake, na mwisho wa ua kuna ghala la mabati ambalo mlango wake ni wa mbao. Kutoka ukutani kwa nyumba hata mlango wa ghala ni hatua 42. Nimezihesabu mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Langoni hulinda mzee mmoja, ambaye huingia kazini saa 12 jioni na kuondoka saa 12 asubuhi. Alikuwako pale kabla mimi sijaanza shule.

Mwezi wa Januari 2025, wiki ya mwisho ya likizo yetu ndefu, Mjomba alileta kutoka Kampala sanduku la vihisi. Kihisi ni chombo kinachohisi jambo moja tu na kutoa habari yake. Kimoja huhisi joto, kingine huhisi maji yakivuja, na kingine huhisi mlango ukifunguliwa. Hicho cha mlango kina vipande viwili. Kipande cha kwanza kina sumaku, nacho hubandikwa katika mlango wenyewe. Cha pili kina swichi nyembamba na betri bapa mfano wa sarafu, nacho hubandikwa katika mwimo. Mlango ukifunguliwa sumaku huondoka, swichi huachana, na kihisi hupeleka neno moja hewani: "Wazi." Ukifungwa, hupeleka neno la pili: "Umefungwa." Ndani ya nyumba kuna kompyuta ndogo yenye chombo cha kupokelea maneno hayo, nayo huyapeleka katika simu ya mwenye nyumba, hata akiwa safarini.

Mjomba alijua kwamba nasoma fizikia, basi akanikabidhi kazi yote. Nilifurahi mno. Kwa siku mbili nilipanda ngazi na kushuka, nikafunga vihisi 9, na cha mwisho kilikuwa cha ghala.

Hapo yafaa nieleze kidogo jinsi vitu hivi vinavyosema, ili msomaji afahamu yatakayofuata. Mwaka 1865 James Clerk Maxwell, mtu wa Uskoti, alionyesha kwa hesabu kwamba umeme na sumaku huweza kwenda pamoja kama mawimbi, kwa mwendo wa mwanga. Mwaka 1887 na 1888 Heinrich Hertz wa Ujerumani akayathibitisha mawimbi hayo kwa majaribio. Vihisi vya Mjomba hutumia mawimbi hayo hayo, kwa utaratibu uitwao Zigbee, nayo hutikisika mara 2,400,000,000 na zaidi kwa sekunde. Ukichukua mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, ukaugawanya kwa hesabu hiyo, utaona kwamba wimbi moja lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Wimbi la namna hii hupenya mbao vizuri, na matofali kwa shida. Maji hulimeza. Bati hulirudisha, kama kioo kirudishavyo mwanga.

Tena kihisi ni dhaifu. Nguvu yake ya kusema ni sehemu chache tu za elfu za wati moja, kwa sababu betri yake ndogo hutakiwa kudumu mwaka au zaidi. Muda mwingi kimelala, huamka kwa kitambo, husema neno lake, kisha hulala tena. Kwa hiyo hakiwezi kuwabebea wenzake maneno yao. Lakini vyombo vya Zigbee vinavyokula umeme wa ukutani, kama vile plagi na taa, havilali. Hivyo hupokea neno la kihisi kilicho mbali na kulipeleka mbele, mfano wa tarishi apelekaye barua kutoka ofisi moja hata nyingine.

Nilipokifunga kihisi cha ghala, kompyuta haikukisikia kabisa. Hatua 42, ukuta wa nyumba, na mabati ya ghala vilikishinda. Basi nikachukua plagi moja iliyokuwamo katika sanduku, nikaichomeka katika soketi ya jikoni, karibu na dirisha linaloelekea ghala. Papo hapo kihisi kikasikika. Nikaufungua mlango wa ghala na kuufunga mara 20, na mara zote 20 simu ya Mjomba ikajibu. Nikarudi shule na moyo mkunjufu.

Wiki ya tatu ya muhula Mjomba alinipigia simu kwa ruhusa ya Padre msimamizi wa bweni. Alisema, "Kile kihisi cha ghala chanyamaza usiku. Mchana ni kizima, lakini kila ikifika saa 5 usiku napata habari katika simu kwamba hakisikiki. Asubuhi chasema tena." Nilikuwa mbioni kwenda darasani. Ningaliweza kumwambia, "Mjomba, ngoja nije nikitazame." Badala yake nilijibu kama mtu ajuaye: "Chombo hakina sababu ya kusema uongo, Mjomba. Labda kuna mtu akitoaye betri usiku na kuirudisha asubuhi."

Neno hilo lilitoka kinywani mwangu kwa muda usiotimia nusu dakika. Mimi nikalisahau. Mjomba hakulisahau.

Nilipofika Mbale kwa likizo ya Mei, Mzee alinipokea langoni kama siku zote, akachukua sanduku langu, akaniuliza habari za masomo. Lakini uso wake haukuwa ule niliouzoea. Usiku ule mkaza mjomba alinieleza. Mjomba alikuwa amehesabu ghala mwisho wa Aprili, akaona magunia 2 ya maharage yamepungua. Akaunganisha kupungua huko na kunyamaza kwa kihisi, tena na lile neno langu. Nani awezaye kutoa betri usiku ila aliye uani usiku? Mzee alikuwa ameambiwa kwamba mwisho wa mwezi ndio mwisho wa kazi yake.

Nilikosa usingizi. Kesho yake jioni nilikwenda langoni. Mzee hakujua kwamba neno la betri lilikuwa langu. Aliniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe ujuaye vitu hivi. Katazame, kisha useme ulichokiona. Mimi hicho kitu hata sijui kilipo."

Basi nikaanza. Mwalimu wetu wa fizikia hutuambia kila mara kwamba anayebadili mambo mawili kwa wakati mmoja hajui lililomponya mgonjwa. Nilichukua daftari, nikaazimia kubadili jambo moja kila siku na kuandika.

Siku ya kwanza nilianza na betri, maana ndiyo niliyoishitaki. Nilipanda ngazi, nikakitazama kihisi kabla ya kukigusa. Juu ya kifuniko chake vumbi la mahindi lilikuwa limetanda sawasawa, wala halikuwa na alama ya kidole. Nikafungua, nikapima betri kwa voltimita: volti 3 kamili, kama inavyotakiwa. Hapo ndipo shaka ya kwanza iliponiingia. Nilimweleza Mjomba habari ya lile vumbi. Akasema, "Vumbi si shahidi. Kila siku ghalani kuna vumbi jipya." Nami sikuweza kumbishia, kwa kuwa kweli vumbi lilikuwapo kila siku. Usiku kihisi kikanyamaza.

Siku ya pili nilitazama kompyuta. Chombo cha kupokelea maneno ya Zigbee ni kijiti kinachochomekwa katika tundu la USB. Mimi nilikuwa nimekichomeka moja kwa moja katika kompyuta, na kando yake, kidole kimoja tu, kulikuwa na diski ya nje yenye waya wa USB 3.0. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa maandishi yakieleza kwamba waya na matundu ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa hayo hayo ya megahertz 2400. Basi kijiti changu kilikuwa kama mtu aliyewekwa karibu na mashine ya kusaga, akaambiwa asikilize anayenong'ona ng'ambo ya ua. Nilinunua mjini waya wa kuongezea wa mita 1 na nusu, nikakitoa kijiti mbali na diski, nikakisimamisha juu ya rafu. Kompyuta huonyesha uzuri wa usikivu kwa namba, kutoka 0 hata 255. Kihisi cha chumba cha wageni kilitoka 58 kikafika 131. Cha tangi la maji kilitoka 40 kikafika 97. Nilidhani nimeshinda. Usiku ule kihisi cha ghala kikanyamaza.

Siku ya tatu nilitazama chaneli. Wi-Fi na Zigbee hukaa katika masafa mamoja, kama makabila mawili yanayolisha ng'ombe katika bonde moja. Zigbee ina chaneli 16 katika masafa hayo, kutoka 11 hata 26. Chaneli ya 11 iko kwenye megahertz 2405, na kila chaneli imepita nyingine kwa megahertz 5. Chaneli ya Wi-Fi ni pana zaidi, megahertz 20 hivi. Chaneli yake ya 1 katikati yake ni 2412, ya 6 ni 2437, na ya 11 ni 2462. Ukipiga hesabu utaona kwamba chaneli ya 11 ya Zigbee imelala ndani ya chaneli ya 1 ya Wi-Fi, ingawa namba zenyewe zaweza kumdanganya mtu. Ruta ya Wi-Fi ya Mjomba ilikuwa katika chaneli ya 1, na Zigbee yetu, kwa kuwa mimi sikuchagua kitu, ilikuwa katika ya 11. Tena ruta ina nguvu mara nyingi kuliko kihisi. Niliihamisha Zigbee hata chaneli ya 25, yaani 2475, ambayo imepita mwisho wa chaneli ya 11 ya Wi-Fi. Nawaonya wenzangu kwamba jambo hili si la kufanya kwa mchezo. Vihisi vingine havikufuata chaneli mpya, nikalazimika kupanda ngazi tena, kubonyeza kitufe cha kila kimoja, na kukiunga upya. Kazi hiyo ilinichukua tangu asubuhi hata alasiri. Maneno yaliyokuwa yakichelewa yakaacha kuchelewa. Nikalala nikiwa na matumaini.

Asubuhi nilifungua simu ya Mjomba. "Kihisi cha ghala: hakisikiki tangu saa 2.41 usiku."

Siku zilizobaki kwa Mzee zilikuwa zinapungua. Mjomba alinitazama bila kusema kitu, nami nilijua anafikiri nini: kama kijana amerekebisha kila kitu na bado chombo chanyamaza, basi neno lake la kwanza ndilo lililokuwa kweli.

Siku ya nne sikugusa chombo chochote. Nilikaa mezani na daftari. Kompyuta huandika saa ya mwisho ya kukisikia kila kihisi, nayo ilikuwa imeweka kumbukumbu tangu tarehe 1 Aprili. Zilikuwa siku 38. Nilichora mistari kama tufanyavyo maabarani, nikaandika usiku mmoja mmoja. Nikaona mambo matatu ambayo mtu asingeweza kuyaona kwa kutazama simu tu.

Kwanza, katika siku 36 kihisi kilisikika kwa mara ya mwisho kati ya saa 2 na saa 4 usiku, kikarudi baada ya saa 12 asubuhi. Ile habari ya saa 5 iliyokuwa ikimfikia Mjomba ilikuwa imechelewa, kwa sababu mimi mwenyewe niliagiza kompyuta ingoje saa 2 nzima kabla ya kulalamika. Pili, siku 2 kihisi kilisema usiku kucha bila kunyamaza. Siku ya kwanza ilikuwa tarehe 19 Aprili, Jumamosi Kuu. Ya pili ilikuwa tarehe 30 Aprili. Na siku zote mbili Mzee alikuwa langoni. Tatu, mara 3 kihisi kilinyamaza mchana. Mchana Mzee yuko kwake, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Nilisimama, nikaketi tena. Kama mkono wa mtu ndio uliokinyamazisha, basi mkono huo haukuwa wa Mzee.

Nikamwendea mkaza mjomba jikoni, nikamsomea tarehe zile za mchana. Alifikiri kidogo akasema, "Hizo mbili nazikumbuka. Ni siku umeme ulipokatika. Ya tatu sikumbuki, lakini bila shaka ni hivyo hivyo." Jambo hilo lilinishangaza. Kompyuta na ruta hutumia betri ya sola, havizimiki umeme ukikatika. Na kihisi kina betri yake, hakijui umeme wa ukutani. Kwa nini basi kinyamaze umeme ukikatika?

Labda wewe, ndugu msomaji, umekwisha kulijua jibu. Mimi sikulijua hata saa 3 usiku. Niliendelea kukaa jikoni, mkaza mjomba akaosha vyombo, akafunika makaa, akafuta meza. Kisha, kabla ya kuchukua ufunguo, akanyosha mkono ukutani akazima swichi za soketi tatu, moja baada ya moja. Katika soketi ya tatu ilikuwamo plagi yangu.

Nikasema, "Mama, mbona unazizima?"

Akajibu, "Moto, mwanangu. Nyumba ya jirani iliungua kwa waya za umeme. Tangu siku hiyo silali kabla sijazima. Asubuhi nikija kupika chai naziwasha."

Nilimwuliza juu ya zile siku mbili. Jumamosi Kuu alitoka katika mkesha wa Pasaka usiku sana, akaenda kulala bila kuingia jikoni. Tarehe 30 alikuwa matangani kwao, na binti yake aliyepika siku ile hana desturi ya kuzima kitu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tarishi alikuwa anazimwa kila usiku. Kihisi kiliendelea kusema kule ghalani, lakini hapakuwa na wa kuyachukua maneno yake. Nami nilikuwa nimetazama kwa siku tatu kile kilichonyamaza, wala sikukitazama hata mara moja kile kilichombeba. Katika orodha iliyokuwa kwenye simu ya Mjomba sikuiandika ile plagi kabisa, kwa sababu niliiona kuwa ni plagi tu. Wala sikumwambia mwenye jiko kwamba nimeweka kitu jikoni mwake. Na zile mara 20 nilizojaribu mlango, zote zilikuwa za mchana. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake, kabla jua halijatua, nilimwomba Mjomba aje uani na simu yake, nikamwomba na Mzee aje. Nikaizima soketi ya jikoni, nikafungua mlango wa ghala. Simu kimya. Nikaufunga, nikawasha soketi, tukangoja dakika kadhaa kihisi kimwone tarishi wake tena, nikaufungua. Simu ikalia: "Wazi." Tulifanya hivyo mara 3. Mara ya tatu Mjomba alizima swichi kwa mkono wake mwenyewe, akasimama akiitazama simu kwa muda mrefu.

Hapo sikuwa na budi kusema lililobaki. Nikasema mbele ya wote wawili kwamba habari ya mtu kutoa betri ilikuwa yangu, kwamba niliisema nikiwa mbali bila kuona kitu, na kwamba kosa la plagi vilevile lilikuwa langu.

Mjomba hakunikaripia. Alimgeukia Mzee akasema, "Magunia sijui yalikokwenda. Labda nilihesabu vibaya, labda la. Lakini wewe sina neno juu yako. Lile nililokuambia la mwisho wa mwezi nimeliondoa. Nisamehe."

Mzee alipokea maneno hayo kwa kuinamisha kichwa. Kisha akanitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "mimi nimeulinda mlango huu miaka 14. Chombo chako kimeulinda miezi 3. Ulipotaka kujua habari za usiku, ungaliniuliza na mimi." Akaenda langoni, maana saa yake ya kazi ilikuwa imefika.

Neno hilo silisahau. Angaliniambia maneno makali ningaliona nafuu.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Niliihamisha plagi kutoka jikoni hata barazani, katika soketi inayotumia betri ya sola, ambayo hakuna aizimaye. Mjomba akanunua plagi ya pili, tukaiweka katika dirisha la chumba cha nyuma, kwenye umeme huo huo, ili kihisi kiwe na njia mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Nikaziandika zote mbili katika orodha ya simu, ili zikinyamaza Mjomba ajue kwamba aliyenyamaza ni tarishi. Kisha nikampeleka mkaza mjomba nikamwonyesha kila kitu kilipo na kazi yake, jambo ambalo lilinipasa kulifanya Januari. Tangu siku hiyo hata siku niliporudi shule, kihisi cha ghala hakikunyamaza hata usiku mmoja.

Kwa kuwa wenzangu kadhaa wa Chama cha Sayansi wameniuliza, naweka hapa utaratibu ambao ningaliufuata tangu mwanzo. Kihisi chako kikisikika vibaya, kwanza andika ni saa ngapi na siku gani, kabla hujagusa kitu. Pili, pima betri. Tatu, kitoe kijiti cha kupokelea mbali na kompyuta na diski kwa waya wa mita moja au zaidi, na usikiweke ndani ya kabati la chuma wala nyuma ya ruta. Nne, linganisha chaneli ya Zigbee na ya Wi-Fi kwa megahertz, usilinganishe kwa namba zake. Tano, fuata njia ya neno kutoka kihisi hata kituo, ukiuliza kila tarishi anakula umeme gani na ni nani awezaye kumzima. Sita, tazama kilicho katikati: bati, tangi la maji, gari, ukuta mnene. Na ukimaliza kufunga, jaribu mchana na usiku, kisha waeleze watu wote wa nyumba, hata wale unaodhani hawahusiki.

Magunia yale mawili hayakuonekana mpaka leo. Mjomba sasa huhesabu ghala kila Jumamosi, naye Mzee husimama kando yake akihesabu pamoja naye, kila mtu kwa kinywa chake, kisha hulinganisha.

Nami kila nifikapo likizo, Mzee hunipokea sanduku langu langoni na kuniuliza habari za masomo. Kisha huniuliza, "Na kile kidude chako, kimelala usiku au kimekesha?" Mimi humjibu, "Kimekesha, Baba." Naye husema, "Vema. Basi tumekuwa wawili."